Simbamarara wa Chatsworth
Sehemu ya 2: Kiti kimoja

ILIPOISHIA WIKI ILIYOPITA: Mwaka 1873 manowari ya Waingereza ilitia nanga Durban ikiwa na watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini kwa kuwa waliletwa kutokea Zanzibar, mji ukawaita Wazanzibari. Hadi 1880 walikuwa wamefika kama 500. Waliishi Kings Rest, kwenye kilima cha Bluff, wakaswali, wakaozana, wakazikana. Kisha serikali ya Makaburu ikafungua daftari lake la rangi na kuuliza: hawa tuwaandike nani?

SASA ENDELEA...

Swali hilo liliwatoa jasho makarani. Kwa sura watu hawa walikuwa Waafrika, na Mwafrika wa Durban kisheria alitakiwa akae Umlazi au KwaMashu. Kwa dini walikuwa Waislamu, na ardhi waliyokaa ilikuwa chini ya wakfu wa msikiti wa Wahindi. Kwa jina walikuwa wa Zanzibar. Mwaka 1961 uamuzi ukatoka: waandikwe "Waasia Wengineo".

Mjukuu wa Mmakua alilala Mwafrika, akaamka Mwasia. Ungecheka, kama amri iliyofuata isingekuwa ya kuhama. Bluff ilikuwa imeshatengwa kwa ajili ya wazungu, na Mwasia, awe wa kawaida au "mwingineo", hakuwa na nafasi pale. Wazanzibari wakafungasha. Waliyaacha makaburi ya wazee wao na upepo wa bahari, wakapelekwa bara kidogo, kwenye vilima ambako serikali ilikuwa inamwaga Wahindi kwa maelfu. Mahali penyewe paliitwa Chatsworth, na wengi wao wakawekwa mtaa wa Bayview.

Tuitazame hiyo Chatsworth kwa karibu, maana bila kuielewa huwezi kumwelewa mtu tunayemfuatilia.

Sheria ya Maeneo ya Makundi ilipitishwa mwaka 1950. Kwa sheria hiyo kila rangi ilipewa eneo lake, na aliyejikuta upande usio wake alihamishwa, hata kama nyumba aliijenga babu yake. Durban ilikuwa na Wahindi wengi kuliko mji wowote wa Afrika, wajukuu na vitukuu wa vibarua wa mashamba ya miwa. Wa kwanza wao walishuka kutoka meli ya Truro tarehe 16 Novemba 1860, watu 342 waliopandia Madras. Miaka mia moja baadaye watoto wao waliambiwa wahame Cato Manor, wahame Riverside, wahame Magazine Barracks, yale makambi ambako manispaa iliwaweka wafagiaji na wazoa taka wake. Waende wapi? Chatsworth, kati ya mto Umhlatuzana na mto Umlaas. Kusini yao Umlazi ya Wazulu, kaskazini vitongoji vya wazungu, wao katikati kama ukuta wa kutenganisha.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 watu waliteremshwa huko na masufuria, magodoro na picha za miungu yao. Mitaa haikuwa na majina. Ilikuwa na namba: Unit 1, Unit 2, mpaka Unit 11. Nyumba nyingi zilikuwa pacha, familia mbili zikigawana ukuta mmoja, kiasi kwamba jirani akikohoa usiku ulijua kama ni kifua kikavu au cha makohozi. Hospitali ya R. K. Khan ilikuja 1969. Mpaka siku hiyo, mama mwenye uchungu alikuwa na safari ndefu mbele yake.

Sasa, mahali kama hapo pana mambo ya kudai: kodi ya nyumba, basi, shule, taa za barabarani. Nani angekwenda kuyadai, na kwa nani? Wahindi hawakuwa na mbunge. Chama chao cha zamani, Natal Indian Congress, alichokianzisha Gandhi mwaka 1894, kilikuwa kimevunjwa nguvu kwa viongozi wake kufungwa na kupigwa marufuku. Kilifufuliwa 1971 na jibu lake lilikuwa moja: hatuzungumzi na Makaburu kupitia mabaraza yao ya bandia.

Lakini kulikuwa na kijana mmoja wa Durban, aliyezaliwa tarehe 14 Januari 1942, ambaye jibu lake lilikuwa tofauti. Jina lake Amichand Rajbansi. Na jibu hilo lingemfanya alaaniwe na jirani zake kwa miaka ishirini.

*

Mwaka 1974 mambo mawili yalitokea Durban, na ukiyaweka pamoja unapata picha nzima.

La kwanza lilitokea tarehe 25 Septemba katika uwanja wa Curries Fountain. Vijana wa vuguvugu la Black Consciousness waliitisha mkutano wa kuishangilia Frelimo, chama kilichozaliwa hapa kwetu Dar es Salaam mwaka 1962, ambacho sasa kilikuwa kinaingia madarakani Msumbiji. Serikali ilipiga marufuku. Watu wakaja hivyo hivyo, Waafrika kwa Wahindi. Polisi wakawafungulia mbwa. Miongoni mwa waliokamatwa na baadaye kupelekwa Robben Island alikuwamo Saths Cooper, kijana wa Kihindi wa Durban hiyo hiyo.

La pili halikuwa na mbwa wala mabomu ya machozi. Baraza la Wahindi la Afrika Kusini, SAIC, lililoundwa na serikali ili liishauri serikali, lilifungua baadhi ya viti vyake kwa uchaguzi. Rajbansi akaingia.

Cooper na Rajbansi, mji mmoja, mwaka mmoja. Mmoja kaelekea gerezani, mwingine kaelekea kwenye kiti. Msomaji unaweza kuamua papo hapo nani shujaa na nani msaliti, na sitakuzuia. Ila vuta subira, kwani mambo hayakukaa hivyo hadi mwisho.

Uwanja wa Curries Fountain ninaurudia kwa sababu nyingine: michezo. Hapo ndipo waliochezea nje ya vyama vya wazungu walipocheza mpira na kriketi yao. Kriketi kwa Wahindi wa Durban ilikuwa kama soka kwa watu wa Kariakoo, mchezo wa baba, wa mwana na wa mjomba anayejifanya kocha. Lakini Kingsmead, uwanja mkubwa wa mji wao wenyewe, waliruhusiwa kuingia wakae pembe yao iliyozungushiwa uzio. Wengi walishangilia timu ngeni kwa makusudi. Yeyote aliyekuja kuipiga timu ya wazungu wa Afrika Kusini alikuwa ndugu yao kwa siku tano.

Mwaka 1976 uzio ulifunguliwa kidogo. Timu ya kimataifa iliyoitwa International Wanderers, nahodha wake Greg Chappell wa Australia, ilicheza Kingsmead dhidi ya kikosi kilichochanganya rangi. Ndani ya kikosi hicho alikuwamo Ismail Ebrahim, mashabiki wakimwita Baboo, mrushaji wa mkono wa kushoto anayezungusha mpira polepole. Aliwaangusha Waaustralia na Waingereza, mabingwa wa dunia nzima, akaondoka na wiketi 6 katika ingizo moja. Waliokuwa kwenye pembe ile ya uwanja walijua wamemwona mtu aliyestahili kuichezea nchi yake. Hakuichezea hata mechi moja ya Test, kwani nchi yake ilikuwa imefungiwa, na hata kabla ya kufungiwa isingemchagua.

Miezi michache baadaye Soweto ikalipuka. Wazungu wa kriketi wakatoa mkono: njooni tucheze pamoja. Baadhi wakaupokea. Hassan Howa wa Cape Town akakataa, akasema maneno ambayo kila mwanamichezo wa Chatsworth aliyajua kwa moyo: hakuna michezo ya kawaida katika jamii isiyo ya kawaida. Mwaka 1977 kriketi ya watu weusi ikapasuka vipande viwili. Klabu zikagawanyika, ndugu wakanuniana kwenye harusi. Utacheza na wazungu Jumamosi mchana, halafu jioni urudi kwako Unit 5 kwa sababu sheria haikuruhusu kulala jirani yao? Wengine walisema ndiyo, tucheze, mengine yatafuata. Wengine walitundika gongo wakaacha miaka yao bora ipite.

Chama kikuu cha michezo isiyobagua, SACOS, kilichoanzishwa Durban 1973, hakikuishia kwenye maneno. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kilipitisha azimio la kupinga undumilakuwili. Mtu yeyote anayekaa kwenye mabaraza yaliyoundwa na ubaguzi, likiwamo SAIC, hana nafasi katika michezo yetu. Awe refa, awe katibu wa klabu, awe mchezaji: chagua moja.

Rajbansi alikuwa ameshachagua. Mlango huo ukafungwa usoni pa watu wa aina yake, na waliokuwa ndani walidhani umefungwa milele. Likumbuke azimio hili, msomaji wangu. Litakuja kuwachekesha watu vibaya.

*

Tarehe 4 Novemba 1981 serikali iliwaita Wahindi wote wakapige kura ya SAIC, safari hii karibu baraza zima. Natal Indian Congress na wenzao wakajibu kwa kamati ya kususia. Vijana wakagonga nyumba kwa nyumba Chatsworth na Phoenix. Mmoja wa waandaaji wao alikuwa mfamasia wa hospitali aitwaye Pravin Gordhan, ambaye wengi mtamkumbuka kama waziri wa fedha wa miaka ya baadaye.

Waliojitokeza kupiga kura hawakuzidi sana mmoja kati ya kumi. Fordsburg, Johannesburg, hawakufika hata wawili kati ya mia.

Mwanasiasa mwingine angeona haya akatafuta shamba la kulima. Rajbansi akawa mwenyekiti wa baraza hilo, na mwaka huo huo akaunda chama chake, National People's Party. Hoja ya watu wa kambi yake ilikuwa rahisi: nyumba hazijengwi kwa kususia, na mtoto hasomi ndani ya azimio. Bora nusu shari kuliko shari kamili. Na kuna jambo ambalo hata maadui wake hawakumnyima: alikuwa mtu wa watu. Harusi alihudhuria, msiba alihudhuria, mwenye shida ya nyumba alijua pa kumpata. Wenzake wa upande wa pili walikuwa na ukweli wa historia. Yeye alikuwa na orodha ya misiba ya wiki.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu P. W. Botha akaleta karata kubwa zaidi. Katiba mpya, bunge la vyumba vitatu: cha wazungu, cha machotara, cha Wahindi. Waafrika, wengi kuliko wote hao kwa pamoja, hawakupewa hata benchi. Wazungu waliulizwa kwa kura ya maoni tarehe 2 Novemba, theluthi mbili wakasema ndiyo. Wahindi hawakuulizwa.

Fanya hesabu. Chumba cha wazungu wabunge 178. Cha machotara 85. Cha Wahindi 45. Machotara na Wahindi wakishikana mikono wote bila kukosa mtu, wanapata 130, na bado wazungu wanabaki na 48 za kuchezea. Hesabu hii haikufichwa, ilichapishwa. Ndiyo maana tarehe 20 Agosti 1983, Mitchells Plain nje ya Cape Town, ulizaliwa muungano wa UDF kuipinga, na Chatsworth ikawa moja ya medani zake.

Uchaguzi ukafika: tarehe 28 Agosti 1984. Waliojiandikisha wakapiga kura walikuwa kama mmoja kati ya watano tu. Kura zilipohesabiwa, chama cha Rajbansi kilikuwa na viti 18. Chama cha Solidarity cha Dk. J. N. Reddy kilikuwa na 17. Tofauti, kiti kimoja. Shika namba hiyo pia.

Siku chache baadaye, tarehe 3 Septemba, katiba mpya ilianza kazi na siku hiyo hiyo vitongoji vya Vaal vikawaka moto. Tarehe 13 Septemba watu sita waliokuwa wakisakwa na polisi waliingia ubalozi mdogo wa Uingereza jijini Durban wakaomba hifadhi. Walikuwamo Archie Gumede wa UDF na wakongwe wa Natal Indian Congress: Mewa Ramgobin, Billy Nair, M. J. Naidoo, George Sewpersadh na Paul David. Dunia nzima ikaelekeza kamera zake kwenye jengo hilo. Polisi walisubiri nje. Waingereza hawakuwafukuza wala hawakuwapigania. Watatu walitoka Oktoba wakakamatwa mlangoni. Waliobaki walikaa ndani mpaka Desemba, siku 90.

Na Rajbansi? Mwezi ule ule wa Septemba Botha alimwingiza kwenye baraza la mawaziri la taifa, waziri asiye na wizara maalumu, pamoja na mchungaji Allan Hendrickse wa chumba cha machotara. Walikuwa watu wa kwanza wasio wazungu kukaa kwenye meza hiyo. Mtu wa Arena Park, Chatsworth, sasa ana gari la serikali na walinzi, na mji wake nusu unamzomea.

Swali lililokuwa midomoni mwa watu lilikuwa moja: huyu anakaa pale kama nani? Jibu lilikuja kwa njia ya ajabu, baharini.

*

Januari 1987 mchungaji Hendrickse alikwenda King's Beach, Port Elizabeth, ufukwe wa wazungu tu. Akavua nguo, akaingia majini na wafuasi wake, akaogelea. Waziri wa serikali anavunja sheria ya serikali mchana kweupe. Botha akamfokea na kumtaka aombe radhi. Hendrickse akaomba, na Agosti mwaka huo akaondoka kwenye baraza la mawaziri.

Rajbansi hakuogelea. Alibaki. Ukitaka kuwatofautisha watu hawa wawili kwa sentensi moja, hiyo inatosha.

Lakini kubaki nako kuna bei yake. Rajbansi, akiwa pia Mwenyekiti wa Baraza la Mawaziri la chumba cha Wahindi, aligusa ardhi, leseni za biashara, ajira za walimu, vyeo vya shule, mambo yote ambayo mtu wa Chatsworth aliyahitaji. Minong'ono ikawa malalamiko, malalamiko yakawa tume. Mwaka 1988 iliundwa tume ya uchunguzi chini ya jaji mstaafu Neville James. Mashahidi wakapita mmoja mmoja, magazeti yakauzwa kama maandazi ya asubuhi. Kabla vumbi halijatua Rajbansi alikuwa ameshapoteza uwaziri. Ripoti ilipotoka 1989, jaji hakuzunguka mbuyu. Alipendekeza mtu huyu asipewe tena wadhifa wowote unaohitaji uadilifu.

Soma tena sentensi hiyo. Sijui mwanasiasa mwingine wa zama zile aliyeandikiwa maneno makali kuliko hayo na jaji wa serikali aliyoitumikia mwenyewe. Wanaharakati walimwita kibaraka, hilo alilizoea. Sasa hata bwana wake alikuwa anamtupa. Uchaguzi wa Septemba 1989 Solidarity ikashinda, Dk. Reddy akakalia kiti cha mwenyekiti. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Februari 1990, rais mpya, De Klerk, akaifungulia ANC, na siku tisa baadaye Mandela akatoka gerezani.

Nani angemhitaji tena Rajbansi? Botha hayupo. Bunge la vyumba vitatu linasubiri kuzikwa. Waliokuwa wamejificha ubalozini ndio mashujaa wapya. Natal Indian Congress wako bega kwa bega na ANC. Ungeniuliza mimi mwaka ule, ningekuambia ukurasa umefungwa.

Tarehe 20 Desemba 1991 vyama 19 vilikaa Kempton Park kuanza mazungumzo ya CODESA. Natal Indian Congress walikuwapo na wenzao wa Transvaal. Na meza chache kutoka hapo, wakiwa na haki sawa ya kuzungumza, walikaa National People's Party. Simbamarara wa Bengal, kama alivyopenda kuitwa, alikuwa amerudi.

*

Turudi kriketi kidogo, kwa sababu miaka hiyo ndiyo iliyowachanganya watu wa Chatsworth moyo. Juni 1991 vyama viwili vya kriketi vilivyopasuka 1977 viliungana. Novemba ile timu ya Afrika Kusini ikacheza mechi yake ya kwanza halali baada ya miaka ishirini na moja, na ilicheza wapi? Kolkata, Bengal yenyewe. Mwaka mmoja baadaye India ikalipa ziara hiyo. Mechi ya kwanza ya Test ilipangwa Kingsmead, tarehe 13 Novemba 1992. Pembe ile ya uzio haikuwapo tena. Babu aliyewahi kushangilia kutoka nyuma ya waya sasa alikata tiketi akakaa anapotaka.

Siku ya pili kijana wa miaka 19, Sachin Tendulkar, alitoka kukimbia mbio moja, akasita, akageuka. Jonty Rhodes akaokota mpira akarusha, Andrew Hudson akavunja miti. Mwamuzi Cyril Mitchley hakuwa na uhakika, akaomba picha za televisheni. Mwamuzi wa tatu, Karl Liebenberg, akatazama marudio na kusema: nje. Hakuna mchezaji wa Test aliyewahi kutolewa kwa televisheni kabla ya siku hiyo. Siku iliyofuata Praveen Amre, kwenye mechi yake ya kwanza, akafikisha mbio mia, na sehemu kubwa ya uwanja ikalipuka kumshangilia mgeni. Wazungu wa jirani wakashangaa: si mko nchi moja nasi sasa?

Swali hilo la nani ni wa wapi ndilo Rajbansi alilolisikia kuliko mtu yeyote. Wahindi wa Durban walikuwa huru, na walikuwa na hofu. Walikumbuka ghasia za 1949 kati yao na Wazulu. Walijiuliza kuhusu kazi, shule, nyumba. Wanaharakati waliwaambia hakuna cha kuogopa, ANC ni yenu pia. Rajbansi hakuwaambia hivyo. Mwaka 1993 alikibatiza upya chama chake: Minority Front, chama cha walio wachache, alama yake simbamarara.

Aprili 1994 Wahindi wengi wa Durban hawakumpigia yeye wala ANC. Waliipigia National Party, chama kile kile kilichowahamisha Magazine Barracks. Minority Front ilipata kiti kimoja tu kati ya 81 katika bunge la mkoa wa KwaZulu-Natal. Kiti hicho alikikalia yeye mwenyewe. Wabunge wenzake wangeweza kumpita koridoni bila kumwona.

Miaka mitano ikapita. Viwanda vya nguo vikapunguza wafanyakazi, kodi za nyumba zikawashinda watu, notisi za kufukuzwa zikabandikwa kwenye maghorofa ya Westcliff na Bayview. Profesa Fatima Meer, mpiganaji mkongwe na rafiki wa Mandela, alikwenda Chatsworth kabla ya uchaguzi wa 1999 kuwashawishi watu waiunge mkono ANC. Alikuta umaskini uliomfanya asahau kampeni, akageuka kuwapigania wapangaji. Katika purukushani za miaka ile diwani mmoja aliwaambia wakazi kwamba Wahindi wamedekezwa. Mama mmoja mtu mzima akamjibu kwamba wao si Wahindi, wao ni maskini. Wazanzibari wa Bayview, ambao daftari la 1961 liliwafanya Waasia, walikuwa wanadaiwa kodi ile ile.

Tarehe 2 Juni 1999 nchi ikapiga kura. Chatsworth safari hii ilimkumbuka mtu wa harusi na misiba. Bunge la mkoa lilikuwa na viti 80. Chama cha Inkatha kikapata 34. ANC ikapata 32. Minority Front ikapata 2. Ukijumlisha ANC na Rajbansi unapata 34, sare kamili na Inkatha, katika mkoa ambako miaka michache nyuma vyama hivyo viwili vilikuwa vinauana.

Hiyo ndiyo habari ndogo.

Habari kubwa ilikuwa inahesabiwa kitaifa. ANC ya Thabo Mbeki ilikuwa inaomba theluthi mbili ya Bunge, kiwango cha kubadili katiba. Wapinzani walikesha wakiombea isifike. Mtu ambaye jaji alisema asipewe wadhifa, mtu aliyefungiwa nje ya michezo isiyobagua, alikuwa amekaa Durban na kitu kimoja ambacho hakuwahi kuwa nacho kabla ya siku hiyo: mbunge wa Minority Front katika Bunge la Taifa. Mmoja tu.

Hesabu ya mwisho ikatangazwa. Bunge lina viti 400. Theluthi mbili ni viti 267.

ANC ilikuwa na 266.

Je, Rajbansi alikubali kukiuza kiti hicho, na kwa bei gani? Na ilikuwaje mtu aliyefungiwa nje na azimio la SACOS akaja kukabidhiwa wizara ya michezo ya KwaZulu-Natal? Usikose Jumamosi ijayo, ukurasa huu huu.

ITAENDELEA